Matundu Tuliyoyaziba

Makadara, Nairobi
Jumamosi, 13 Agosti 1983

Mwanangu,

Usicheke kwanza. Wewe ndiye uliyenipa ruhusa ya kukuita hivi, siku niliyozaliwa ukanipa jina la mama yako. Hapa mtaani watu wa makabila mengine hawajazoea hadi leo. Wanamsikia mwanamume mwenye mvi akimwita msichana wa sketi ya shule “maitu”, yaani mama yangu, akimtuma chumvi, na wanageuka kutazama. Mama Akinyi wa mlango wa pili aliwahi kukuuliza, “Sasa huyo mama yako akikosea, unamchapa?” Ukamjibu, “Namchapa, halafu namwomba msamaha.”

Siku zote nimekuwa mtoto wako tu, na jina la bibi limekuwa mzaha wetu. Lakini jioni hii naomba nilivae kwa dhati, kwa kurasa chache. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia baba yake, ila mama humwambia mwanawe anayeondoka. Nimeahidi mbele ya Mungu kuyasema yote, yatakayoniaibisha mimi na yatakayokuudhi wewe. Nitaitia barua hii katika mfuko wa koti lako, uisome ukishafika mbali.

Kesho asubuhi unakwenda Nyeri kumwona mama nyumbani kwa wazazi wake, na umetuambia unakwenda kumrudisha. Sitakukumbusha sweta wala dawa ya mgongo. Tata Njeri, dada yako, amekwisha kuyasema hayo tangu alipofika kukaa nami, na naona masikio yako yamechoka.

Nataka nianze na siku ya mwezi wa Februari mama alipoondoka, kwa sababu hukuwapo, na niliyoyaona sijakueleza vizuri. Wewe ulikuwa Industrial Area ukikunja mabati ya matangi. Daktari alikuwa amesema kifua cha mama hakitaki moshi tena, nayo nyumba yetu ilikuwa na moshi wa kila namna: wa makaa asubuhi, wa stovu ya mafuta ya taa jioni, wa taa ya chemli mama anaposhona. Alipomaliza kufunga nguo zake alisimama akiutazama ukuta wa upande wa jiko, mweusi kama tako la sufuria. Akasema, “Wangari, ukuta huu niliupaka chokaa kwa mikono yangu nilipoolewa.” Kisha akakohoa hadi akaketi juu ya mzigo wake. Hakusema neno baya juu yako. Alikuwa akiukimbia ukuta ule, mwanangu, hakuwa akikukimbia wewe. Lakini uliporudi ulikuta kitanda kimetandikwa na leso yake haipo msumarini, ukadhani umeachwa. Nilikutazama ukidhani hivyo na sikujua maneno ya kukutoa huko.

Kisha ukaja na lile jiko. Sikuwa nimeona jiko la namna hiyo, limebanwa kiunoni, na ndani limevikwa udongo uliochomwa. Uliligonga kwa kidole likalia kama chungu kizima.

“Hili haligawii majirani joto,” ulisema. “Makaa kidogo tu, ugali umeiva. Na nyinyi huko shuleni, mnafundishwa nini juu ya moto?”

Nikakujibu kwa ile haraka ya mwanafunzi anayejua jibu. Nilikueleza kapu la kupikia ambalo mwalimu wa sayansi-kimu alituonyesha. Unachemsha chakula kwa muda mfupi, unaitia sufuria ndani ya kapu lililoshindiliwa nyasi kavu na matambara, unaifunika vizuri, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

“Bila moto, maitu?”

“Bila moto, baba.”

“Basi mama yako atarudi,” ukasema.

Hapo ndipo tulipoanza, na hapo ndipo nilipojitwisha mzigo ambao hakuna aliyeniambia niubebe. Niliamini kwamba nikisikiliza darasani, nikaandika kila neno na kulileta nyumbani, mama atapata pumzi. Msichana mwingine angeomba Mungu. Mimi niliomba pia, lakini nilitegemea zaidi sayansi-kimu.

Unakumbuka githeri ya kwanza ya kapu? Ulitafuna mahindi yale tukiyasikia yakivunjika, ukameza, ukasema, “Ina nguvu.” Kosa halikuwa la kapu. Sikuweza kutulia. Kila nilipopita nilifunua nichungulie kama inaiva, na kila nilipofunua joto likatoka. Mara ya pili niliifunika nikaenda shule, na niliporudi nilikuta maharagwe yamelainika hadi ukaniuliza nimeyatoa hoteli gani. Ukifika kwa mama usimfunue kila saa kutazama kama moyo umelainika. Mwulize mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kisha nenda ukampasulie baba yake kuni.

Baadaye ukapanda juu ya paa, na nadhani hizo zilikuwa wiki zako za furaha mwaka huu. Ulitoa bati moja ukaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga, nami nikaona kwa mara ya kwanza rangi halisi ya blanketi langu bila kuwasha taa. Ukapaka pipa rangi nyeusi, ukalilaza juu huko ndani ya sanduku ulilolifunika vioo vya dirisha kuukuu, ukateremsha mpira hadi bafuni ili tuoge maji yaliyopashwa na jua. Vijana wa kwenye kona wakakupa jina siku hiyohiyo. “Niaje, Mzee Jua!” walikupigia kelele ukitoka kazini, nawe ulikuwa ukiinua kofia kama diwani.

Mama Akinyi naye hakukuacha bila mzaha. Alisimama mferejini na ndoo yake, mbingu zikiwa zimejifunga, akasema ili mtaa mzima usikie:

“Baba Wangari! Leo jua limekwenda likizo. Utaoga na nini?”

“Na subira, mama.”

“Haya, jisugue nayo hiyo subira. Sisi wengine tunachemsha maji.”

Lakini siku jua lilipowaka sawasawa alimtuma Akinyi na karai, ukampa maji ya moto kabla wewe mwenyewe hujaoga. Nilikuona. Nilijivuna sana siku hiyo kuwa na mtoto kama wewe.

Sasa nifike penye uchungu, maana nimeahidi.

Julai ilikuja na manyunyu yake, na mama akatuma salamu kwamba atakuja kututazama. Kifua kikistahimili, atabaki. Nyumba hizi za baraza la mji zina yale matundu ya hewa juu ukutani, chini ya paa, na baridi ilikuwa ikiingia humo kama mtu mwenye ufunguo. Ni mimi niliyesema tuyazibe. Nilikuwa nimejifunza kwamba joto hutoroka penye nafasi, na kwamba chumba kilichofungwa vizuri hakili makaa mengi. Mwalimu wetu alikuwa akisema habari ya kapu. Mimi nikaifanya nyumba nzima kuwa kapu.

Wewe ulisita. Ulisema, “Maitu, waliojenga waliyaweka kwa sababu.”

Nami nikakujibu, na jibu hili limekaa kinywani mwangu kama dawa chungu tangu siku hiyo, “Baba, hao walijenga zamani.”

Ulicheka, ukaniletea magunia. Tukayashindilia matundu yote, tukabandika magazeti juu yake kwa uji wa unga mzito, hadi ukuta ukawa laini kama uso wa meza. Tulisimama tukautazama tukijisifu. Nilikuwa na unga kwenye nywele, ukaniambia nimezeeka kama bibi.

Mama alifika Jumamosi mchana. Alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi polepole, nasi tukamtazama kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. “Hakuna moshi,” akasema. Akavua kitambaa cha kichwa. “Na kuna joto. Nyumba imekuwa kama kwapa la kuku anayeatamia.” Wewe ukafunga mlango ili joto lile lisipotee. Jiko lilikuwa hapo katikati yetu, jekundu, zuri, halitoi hata uzi wa moshi.

Tulikunywa chai. Mama alisema kichwa kinamgonga, labda ni safari. Changu pia kilikuwa kikinigonga, lakini nilinyamaza ili nisiiharibu siku. Wewe ulisinzia kitini, nikadhani ni uchovu wa wiki. Mama akainuka na vikombe, akateleza chini taratibu kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilimwona chini, nikawaza tu kwamba vikombe vimevunjika.

Mama Akinyi alikuwa amekuja kumwamkia mgeni. Alibisha, hakujibiwa, akausukuma mlango kwa bega. Ninachokumbuka ni sauti yake: “Kwani mnajioka humu ndani? Tokeni! Baba Wangari, inuka, toka!” Alimburuta mama hadi kibarazani, akarudi akanivuta mkono kama mtu anayeng’oa muhogo, na wewe akakumwagia ndoo nzima ya maji ya baridi. Hakufanya mzaha hata mmoja, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tulikuwa tunakufa.

Hospitalini muuguzi alitueleza bila kutufokea. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi, lakini hutoa hewa nyingine isiyoonekana wala kunuka, na hewa hiyo ikikosa pa kutokea huwalaza watu na wasiamke. Tulikuwa tumeufukuza moshi tunaouona, tukafunga mlango tukabaki ndani na ndugu yake.

Mama alipopata sauti aliuliza nani aliyeyaziba yale matundu. Ukasema, “Mimi.” Hukunitazama. Nami nilikuwa nimesimama pale, na kinywa changu kilikuwa kizima, na sikusema kitu. Mama akageukia ukutani. “Nyumba ile sirudi,” akasema. “Nyinyi hamkutaka nipone. Mlitaka kushinda.” Alipopata nafuu alikwenda Nyeri moja kwa moja, bila kupita hapa hata kuchukua kitambaa chake.

Nimelifikiria neno lake hilo la kushinda, na naona lilinipata mimi kuliko wewe. Nilifurahi aliposema hakuna moshi, lakini furaha ile ilikuwa ya kupata alama. Sikumtazama yeye. Ningemtazama ningeona midomo yake inavyobadilika rangi. Hilo ndilo nililojifunza, nalo nimelinunua ghali: mtu akiwa ndani ya kazi yako, mwangalie mtu kabla hujaiangalia kazi.

Na sasa nikuseme wewe kidogo, mwanangu. Tangu siku ile hujapanda juu ya paa. Jua likiwaka, pipa linapasha maji yasiyoogwa na mtu. Lile jiko la udongo uliliweka chini ya kitanda kama mlevi aliyeaibisha ukoo. Umerudia stovu ya mafuta ya taa, ile ile iliyomfukuza mama kwanza, na ukiiwasha unafungua mlango na dirisha, tunakula tumevaa makoti, hatusemi. Vijana wakikuita Mzee Jua hugusi kofia. Kosa lilikuwa moja, nawe umehukumu kila kitu tulichokitengeneza pamoja, kizuri na kibaya, kifungo kimoja.

Kwa hiyo nikafanya jambo. Wiki hii ukiwa kazini nilipanda juu ya meza na kisu cha jikoni nikayafungua matundu yote. Uji wa unga ulikuwa umekauka kama saruji. Tulifanya kazi nzuri, mwanangu, hilo nalo lilinitoa machozi. Mama Akinyi aliishika meza akiniambia, “Shuka, mtoto. Ukivunjika shingo baba yako atasema ni yeye tena.” Lakini hakuiachia meza ile hadi tundu la mwisho lilipotoa mwanga.

Jiko nimelitoa chini ya kitanda. Sasa linakaa nje kibarazani, nimelikingia upepo kwa madebe mawili, na halivuki kizingiti hata liwe limebaki na kaa moja. Moto unabaki nje. Kinachoingia ndani ni sufuria, nayo inaingia moja kwa moja kapuni. Githeri uliyokula jana ilipikwa hivyo. Ulisema ni tamu, ukadhani ni ya Tata Njeri.

Juu, chini ya mabati, nimebandika makatoni ili baridi ya bati isitushukie vichwani, lakini sikugusa tundu hata moja. Je, kuna baridi? Ipo. Sitakudanganya wala sitaki umdanganye mama. Ni baridi ya blanketi la pili. Hujaiona kazi yote hii kwa kuwa siku hizi ukiingia huinui macho.

Haya mwambie mama, ila usiyapambe. Usimwahidi kwamba nyumba haitamdhuru tena kamwe. Nyumba ikimdhuru mtu mara moja hairudishiwi imani kwa maneno. Mwambie moto uko nje. Mwambie matundu yako wazi, mtu akisimama barabarani anayaona. Mwambie tunaweza kula naye kibarazani mwaka mzima, mlango wazi, na siku akitaka kuingia ataingia, siku akitaka kutoka hakuna atakayemfungia joto.

Na mwambie kwamba ni mimi niliyesema tuyazibe. Tafadhali. Sikuombi kwa sababu ya wema. Ukiendelea kulibeba kosa langu, yeye atakuwa na mume asiyeweza kumwamini, nami nitakuwa na mama anayenipenda kwa kutojua. Wewe humfai akiwa amekukasirikia, maana huwezi kusema ukikasirikiwa, unanyamaza tu. Mimi anikasirikie. Mimi ni binti yake, nina miaka mingi ya kukasirikiwa na kusamehewa.

Mwanga wa bati la plastiki umeanza kupungua na nimebakiwa na jambo moja. Ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mchana wa leo nilipokuwa nikianua nguo nilikuona nyuma ya nyumba ukilifungua jiliwa lako, lile unalobania mabati, kutoka kwenye benchi. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, ukazitia mafuta ukangoja, ukazitia tena. Ulilifunga kwa gunia ukaliweka chini kabisa ya sanduku, pamoja na nyundo zako na mkasi wa kukatia bati, nguo ukazilaza juu. Tata Njeri alipoliinua sanduku akauliza mbona zito hivyo, ulimwambia ni zawadi za wakwe. Ukacheka. Mimi sikucheka.

Mwanamume anayekwenda kumleta mkewe nyumbani hubeba sukari, hubeba blanketi. Habebi jiliwa. Jiliwa hubebwa na mtu anayetafuta benchi jingine.

Sikulaumu. Huenda Nyeri mjini kuna kazi ya bati, na kule hewa ni safi, na mama anapumua. Kama ningeambiwa nichague kati ya pumzi yake na nyumba hii, ningempa funguo karani wa baraza kesho asubuhi. Hata kubaki siogopi. Tata Njeri ni mkali lakini ana huruma, na shule yangu iko hapa. Ninachokiogopa ni kukisugua chumba hiki kila siku, na kuyatazama matundu kama yako wazi, kwa ajili ya watu ambao wamekwisha kuamua kutokuja, na mimi sijaambiwa. Hilo ndilo ambalo mama yeyote hawezi kulivumilia kutoka kwa mwanawe.

Bado nina matumaini, mwanangu. Ni madogo lakini ni yangu, na nikijua ukweli nitajua pa kuyaweka. Ninayeandika ni Wangari, mama yako kwa jina na binti yako kwa damu, na nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza, bila kunificha kwa kuwa mimi ni mtoto: mama akikataa kurudi, jiliwa utalifunga wapi?